Presha ya Jicho Baada ya Leza: Jinsi ya Kupata Kipimo cha Kuaminika

Mtu aliyefanyiwa leza ili aache miwani akipimwa presha ya jicho, mashine karibu kila mara humpa namba ndogo: 11, 10, hata 9. Mhudumu anaandika "kawaida" kwenye kadi, mgonjwa anashukuru na kwenda zake. Huenda kweli hana neno. Huenda pia presha yake halisi ni 16, au 22, na kifaa hakina namna ya kujua. Kwetu Waafrika hilo si jambo la kupuuza, maana glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, hutuanza mapema na hutuharibu zaidi kuliko watu wa asili ya Ulaya, na neva ya jicho ikishakufa hairudi.

Naandikia pande mbili: wewe uliyefanyiwa leza, iwe Kampala, Nairobi au India, na wewe unayeshika kifaa cha kupimia katika kliniki ya Mbale, Arua au Busia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Baada ya leza, namba moja iliyosimama peke yake haina maana. Chenye maana ni namba zako wewe, zilizopimwa kwa kifaa kilekile, zikilinganishwa mwaka kwa mwaka, huku neva ya jicho ikiangaliwa kwa macho na si kwa kukisia.

Kabla hatujaenda mbali: presha ya jicho si presha ya damu. Watu wengi wakiambiwa "presha yako ya jicho iko juu" hukimbilia kupunguza chumvi. Unaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi na 32 ndani ya jicho, siku hiyohiyo.

Kwa nini namba inashuka

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yakitengenezwa zaidi kuliko yanavyotoka, presha hupanda. Kwa watu wengi presha huwa kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Hakuna kifaa cha kliniki kinachoingia ndani ya jicho kuipima. Vyote hugusa au hupuliza konea, yaani kile kioo cha mbele, kisha hukadiria presha kutokana na jinsi konea inavyokubali kubonyea.

Kifaa ambacho madaktari bado wanakiheshimu kuliko vyote ni tonometa ya Goldmann, iliyotokana na kazi ya daktari Hans Goldmann wa Uswisi miaka ya 1950. Hubonyeza konea hadi duara lenye kipenyo cha milimita 3.06 liwe bapa. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo: hapo ugumu wa konea unaosukuma nje na mvuto wa machozi unaovuta ndani hukaribia kufutana. Sharti lake ni moja tu, konea iwe na unene wa kawaida, kama nusu milimita hivi, na ugumu wa kawaida.

Leza huvunja sharti hilo. Kwa mtu asiyeona mbali, kila diopta moja (kipimo cha nguvu ya miwani) inayosahihishwa humega takriban mikroni 12 katikati ya konea, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, ikiwa eneo linalochongwa lina upana wa milimita 6. Mwenye hasi 6 basi hupoteza mikroni 72 kwa hesabu ya kalamu, na mashine nyingi humega zaidi kidogo. Aliyekuwa na konea ya mikroni 545 anabaki na 465 au chini ya hapo. Kwenye LASIK, moja ya aina za leza hii, kuna pia kifuniko cha konea chenye unene wa mikroni 100 hadi 120 kilichokatwa na kurudishwa. Kinajishika, ndiyo, lakini nguvu yake ya kubeba mzigo hairudi kama zamani. Bonyeza kwa kidole gumba tairi mbili za bodaboda zenye upepo sawa, moja mpya na nyingine iliyokwisha: iliyokwisha itakudanganya kuwa haina upepo.

Namba hushuka kwa kiasi gani? Mara nyingi kati ya 2 na 5, na kwa waliokuwa na miwani mizito inaweza kuzidi hapo. Aina nyingine, PRK, ambayo haina kifuniko, na SMILE, ambayo hutoa kipande kupitia tundu dogo, nazo hushusha namba. Kwa aliyesahihishwa kwa sababu haoni karibu, leza huchonga zaidi pembeni kuliko katikati, kwa hiyo anguko huwa dogo, ila lipo.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi zako

Kama bado hujafanyiwa, hapa ndipo penye kazi nyepesi kuliko zote. Kama ulishafanyiwa, piga simu au tuma ujumbe kule ulikofanyiwa leo, kabla hawajabadilisha kompyuta au kufunga ofisi. Omba haya: namba ya miwani yako kabla ya leza, unene wa konea kabla, kiasi kilichomegwa, unene uliobaki chini, ramani ya konea, presha ya jicho kabla ya leza pamoja na aina ya kifaa na saa iliyopimwa, na majina ya matone uliyopewa baadaye. Aina ya kifaa watu husahau, na bila hiyo namba ya zamani inapoteza nusu ya thamani yake.

Piga picha kila karatasi, jitumie mwenyewe kwa WhatsApp au barua pepe, kisha mpe nakala mtu wa nyumbani. Uzee ukija na mtoto wa jicho, daktari atahitaji karatasi hizohizo kuchagua nguvu ya lenzi ya kukuwekea, kwa sababu konea iliyochongwa huvuruga na hesabu hiyo pia. Kwa hiyo usizitupe hata kama unaona vizuri kama tai.

Na wewe unayepima, jifunze kuuliza kwa namna itakayoleta jibu. Mazungumzo huwa hivi (kwa Kiganda "ssebo" ni bwana, "musawo" ni daktari):

"Ssebo, umewahi kufanyiwa upasuaji wa macho?"

"Hapana, musawo. Sijawahi kupasuliwa."

"Uliwahi kuvaa miwani ukaacha?"

"Ndiyo, nilipigwa leza miaka ile nikiwa India. Lakini sikukatwa."

Mgonjwa hasemi uongo. Kwake upasuaji ni kisu, nyuzi na kulazwa. Leza ya dakika chache haimo. Uliza "umewahi kupigwa leza?" na "umewahi kuacha miwani?" kwa maneno hayohayo. Kovu la LASIK baada ya miaka 15 huonekana kama ukingo hafifu tu chini ya darubini, na mwenye haraka hataliona.

Hatua ya pili: miezi ya kwanza, na matone ya steroidi

Siku za mwanzo, kifaa cha kugusa kisiguse jicho bila ruhusa ya aliyekufanyia. Kifuniko cha LASIK kinaweza kusogea, na baada ya PRK ngozi ya juu ya konea huchukua siku tatu hadi tano kufunga, lenzi laini ya kukinga ikiwa juu yake. Hilo liko wazi.

Lisilosemwa vya kutosha ni matone. Baada ya leza utapewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, wiki moja hivi kwa LASIK, na kwa PRK pengine miezi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu presha yake hupanda kiasi akitumia steroidi kwa wiki kadhaa, na wachache, kama watu watano katika mia, hupanda vibaya. Deksamethasoni na prednisoloni ndizo kali. Fluorometoloni na loteprednoli hupandisha kwa kiasi kidogo kuliko hizo. Kupanda huanza mara nyingi baada ya wiki mbili au zaidi, na hakuumi. Kwa hiyo ukiwa kwenye steroidi, pimwa kati ya wiki ya pili na ya nne, halafu kila mwezi hadi umalize. Usiache matone kwa uamuzi wako mwenyewe, maana baada ya PRK kuacha ghafla kunaweza kuleta ukungu kwenye konea. Mwambie daktari, naye atabadilisha dawa au kuongeza ya kushusha presha.

Uganda tuna shida yetu ya ziada. Vumbi, mzio, macho yanawasha, na duka la dawa liko hatua chache na chupa ya deksamethasoni iliyochanganywa na antibayotiki. Jicho linatulia siku hiyohiyo, kwa hiyo mtu anarudi kununua tena, na tena. Kwa jicho lililopigwa leza huo ni mtego, kwa kuwa presha inapanda kwa dawa na kifaa kinasoma chini kwa leza. Mtu anafika na 17 kwenye kadi, kila mtu ametabasamu, kumbe mle ndani ni 22 au 23. Ongeza krimu za kung'arisha ngozi, ambazo nyingi zina steroidi kali na hupakwa hadi kwenye kope, vidonge vya prednisoloni, na dawa za kupuliza puani au za pumu. Vyote hivyo vitaje unapoulizwa dawa unazotumia. Krimu watu huona aibu kuitaja. Itaje.

Hatua ya tatu: siku ya kupimwa

Presha ya jicho hubadilika ndani ya siku moja, na kwa wengi huwa juu zaidi alfajiri na asubuhi. Mtu aliyetoka Kasese kwa basi la usiku akapimwa Kampala saa mbili asubuhi, halafu safari nyingine akapimwa saa tisa alasiri, analinganisha vitu viwili tofauti. Chagua saa moja na ushike hiyohiyo kila mara. Andika saa kwenye kadi kando ya namba.

Usinywe lita ya maji kwa mkupuo ukiwa kwenye benchi la kusubiri. Presha hupanda kwa muda ukifanya hivyo, na madaktari wengine huitumia mbinu hiyo makusudi kama jaribio. Kahawa nayo hupandisha kidogo, pombe hushusha kwa saa chache, kwa hiyo bia ya mchana itakupa namba nzuri isiyo yako. Toa lenzi za macho. Legeza tai na kifungo cha kola. Dada aliyebana hijabu kwa pini chini ya kidevu ailegeze kidogo. Vitu hivi huonekana vya kitoto, lakini shingo ikibanwa damu huchelewa kurudi kutoka kichwani na presha ya jicho hupanda.

Kisha kaa vizuri. Ninachokiona mara kwa mara ni mtu mwenye mwili mkubwa akijinyoosha kufikia mashine, tumbo limebanwa na meza, pumzi ameishikilia, macho ameyakaza. Hapo hata jicho lenye 14 litasoma 20. Omba kiti kisogezwe au meza ishushwe, pumua kama kawaida, tazama mbele. Mhudumu mzuri hatakasirika.

Hatua ya nne: kifaa gani

Mashine ya kupuliza hewa ndiyo utakayokutana nayo dukani kwa miwani na kwenye kambi za uchunguzi wa bure. Ni ya haraka, haigusi jicho, na kwa jicho la leza ndiyo inayokosea sana kwa kwenda chini. Itumie kwa kulinganisha na namba zake yenyewe tu, ukipuliza mara tatu na kuchukua wastani. Kama namba moja inaachana na zile mbili kwa zaidi ya tatu, rudia.

Goldmann inasoma chini pia, lakini makosa yake yanajulikana na inapatikana katika hospitali nyingi zenye daktari bingwa wa macho, kuanzia Mulago na Mengo hadi Ruharo kule Mbarara na hospitali ya macho ya Tororo. Ndiyo ningeichagua iwe kifaa chako cha msingi, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: miaka kumi ijayo itakuwepo bado.

Tonometa ya kuruka, ile ya iCare ambayo kijiti chepesi hugonga konea na kurudi, haihitaji dawa ya ganzi na inafaa sana vituo vya wilayani. Hupiga mara sita na kutoa wastani. Nayo hufuata unene wa konea, kwa hiyo usidhani imeponya tatizo. Tono-Pen, tonometa ya mkononi yenye umbo la kalamu, hugusa eneo dogo zaidi kuliko Goldmann, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuisogeza pembeni mwa konea, nje ya pale leza ilipochonga. Kwa aliyekuwa haoni mbali, kipimo cha pembeni, upande wa pua au wa sikio, mara nyingi hukaribia namba ya kabla ya leza kuliko kipimo cha katikati. Kwa aliyechongwa pembeni, yaani yule aliyekuwa haoni karibu, hila hiyo haina msaada.

Zipo mashine zilizobuniwa kukwepa unene. Pascal ina ncha iliyopinda kufuata umbo la konea badala ya kuibonyeza iwe bapa, na masomo yake baada ya LASIK hubadilika kidogo tu. Inatoa pia alama ya ubora kuanzia 1 hadi 5: 1 na 2 ni nzuri, 4 na 5 tupa. Nyingine, ORA na Corvis, hupuliza hewa na kupima konea inavyoyumba, kisha hukokotoa presha iliyosahihishwa. Ukizikuta kwenye hospitali ya binafsi Kampala au Nairobi, pimwa nazo angalau mara moja uwe na namba ya kulinganisha. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Ile tonometa ya zamani ya Schiøtz, ya kuweka juu ya jicho mgonjwa akiwa amelala, iachwe ipumzike. Inategemea ugumu wa jicho zima, na macho ya wasioona mbali ni malegevu tangu mwanzo. Vidole juu ya kope navyo vitakuambia jicho limekuwa jiwe, basi.

Hatua ya tano: kwa anayeshika Goldmann

Anza na kifaa chenyewe. Kikague kwa ile fimbo ya kukagulia kwenye alama za 0, 2 na 6, yaani 0, 20 na 60. Kifaa kinachokosea kwa 3 kikikutana na konea inayokosea kwa 4, hamtajua nani kamdanganya nani.

Usafi ni wa pili, na tangu mlipuko wa macho mekundu wa 2024 hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Kufuta ncha kwa spiriti hakutoshi kwa virusi vile. Loweka ncha dakika tano kwenye klorini ya asilimia 0.5: kama chupa ya Jik imeandikwa asilimia 3.5, hiyo ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji. Suuza kwa maji safi, kausha kabisa. Mabaki ya klorini huunguza konea, na konea ya leza tayari ina machozi haba. Mchanganyiko uwe mpya kila siku.

Tia tone la ganzi, gusisha karatasi ya fluoresini, ile rangi inayong'aa, chini ya kope, futa machozi yanayozidi. Washa taa ya bluu. Ukilazimika kushika kope, zishikilie kwenye mfupa wa ukingo wa jicho. Ukikandamiza jicho lenyewe kwa kidole chako, hiyo namba ni yako, si ya mgonjwa. Sogeza ncha hadi uone nusu duara mbili za kijani. Zungusha kitufe mpaka kingo zao za ndani ziguse. Mistari minene, maana yake rangi au machozi ni mengi na namba itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Mistari myembamba kama uzi itakupa namba ndogo. Zikidundadunda kwa mapigo ya moyo, chukua katikati ya mdundo.

Kwenye jicho la leza utakuta mara nyingine nusu duara zimepinda au hazilingani. Usilazimishe. Pima ukiwa umelaza ncha, izungushe digrii 90, pima tena, uchukue wastani. Rudia mara mbili au tatu, ila usikae juu ya jicho, kwa sababu kugusa sana huanza kuishusha presha yenyewe. Kisha andika hivi kwenye kadi: namba ya kila jicho, "Goldmann", saa, na neno LEZA kwa herufi kubwa. Mwenzako atakayempokea mgonjwa huyo baada yako hana njia nyingine ya kujua.

Unene wa konea upime upya baada ya leza, ukiwa na kifaa chake. Usiupime kabla ya presha kama kifaa hicho kinagusa jicho.

Hatua ya sita: tengeneza msingi wako mpya

Subiri miezi mitatu hivi baada ya leza, uwe umemaliza steroidi. Pimwa siku mbili au tatu tofauti, moja ikiwa asubuhi, kwa kifaa kilekile. Hapo unapata msingi. Tuseme kabla ya leza Goldmann ilisoma 16, na sasa inasoma 11, 12 na 11. Basi 11 yako ndiyo 16 ya zamani, na tofauti ya 5 ni ya konea. Miaka minne baadaye ikisoma 17, daktari asiyejua ataona kawaida kamili. Wewe na kadi yako mnajua imepanda kwa 6.

Hapa naomba nigombane kidogo na yale majedwali ya kusahihisha yaliyobandikwa ukutani, ya kuongeza kiasi fulani kwa kila mikroni zilizopungua. Yapo mengi na hayakubaliani. Yalitengenezwa kwa wastani wa watu, wakati konea mbili za mikroni 470, moja ya kuzaliwa na nyingine ya kuchongwa, hazina ugumu mmoja. Tumia jedwali kukukumbusha kwamba namba imeshuka. Usiandike matokeo ya jedwali kwenye kadi kana kwamba ulipima. Andika kilichosomwa, halafu maoni kando.

Asiye na karatasi za zamani anaanza na namba za leo, na neva ya jicho inabeba uzito zaidi. Siku hiyohiyo ya msingi iombewe picha, skani ya OCT (picha ya tabaka za nyuma ya jicho) ikipatikana, na kipimo cha upeo wa kuona. Kwa waliokuwa na miwani mizito, OCT hupenda kuonyesha rangi nyekundu pasipo ugonjwa, kwa sababu macho yao marefu hayafanani na yale ambayo mashine inalinganisha nayo, na neva yao huwa imeinama. Leza hubadilisha konea tu. Nyuma jicho linabaki refu vilevile, na hatari yake ya glakoma haikuondoka na miwani. Nyekundu moja isikutie hofu, lakini nyekundu inayopanuka mwaka baada ya mwaka itakutaka ukae na bingwa wa glakoma.

Namba ndogo iliyo hatari kuliko zote

Hili lisomwe polepole. Aliyefanyiwa LASIK anakuja, wiki kadhaa baada ya leza au hata miaka mingi baadaye, analalamika ukungu. Amekuwa akitumia steroidi, au ana uvimbe ndani ya jicho. Konea inaonekana na utando hafifu chini ya kifuniko. Presha katikati: 8. Inaonekana kama uvimbe wa kawaida chini ya kifuniko, kwa hiyo anaongezewa steroidi. Hali inazidi.

Kinachotokea ni kwamba presha ya ndani imepanda sana, imesukuma maji kupitia konea, na maji hayo yametuama kati ya kifuniko na sehemu ya chini. Kifaa kikibonyeza katikati kinapima hicho kijidimbwi laini, si jicho. Ukisogeza Tono-Pen au iCare pembeni nje ya kifuniko, unaweza kukuta 30 au 40. Neva inakufa huku kadi ikisema 8. Tiba yake ni kinyume cha alichopewa: steroidi zinapunguzwa au kuachishwa chini ya uangalizi, na presha inashushwa kwa dawa upesi.

Kwa hiyo kanuni ya mezani: jicho la LASIK, ukungu mpya, steroidi, na namba ndogo kupita kiasi, vikikutana pima pembeni kabla hujaandika dawa yoyote. Kama huna kifaa cha kufanya hivyo, mpeleke kwa bingwa siku hiyo. Asisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Upimwe mara ngapi

Ukiwa na miaka chini ya 40, huna ndugu wa damu mwenye glakoma na neva yako ni nzima, mara moja kila mwaka au miwili inatosha baada ya msingi. Ukivuka 40, au mama, baba, kaka au dada ana glakoma, iwe kila mwaka bila kuruka, na kila safari neva iangaliwe kwa mboni iliyopanuliwa. Namba ikipanda kwa 4 au zaidi juu ya msingi wako kwa kifaa kilekile, rudia siku nyingine kwanza, halafu muone daktari hata kama namba yenyewe bado ni 15. Ukibadilisha kliniki, siku ya kwanza upimwe kwa kifaa chao na uandike kuwa huo ni msingi wa kifaa hicho. Ukianza steroidi ya aina yoyote kwa sababu yoyote, ratiba inakatika na unarudi kwenye vipimo vya wiki ya pili hadi ya nne, kisha kila mwezi.

Jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa au ukatapika, nenda hospitali yenye daktari wa macho usiku huohuo, na neno la kwanza kumwambia anayekupokea ni kwamba ulifanyiwa leza.